Mtungi Uliofichwa Chini ya Ngazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Trupti alishuka ngazi pamoja na baba yake, mzee Rajnikant, wakatembea kutoka nyumba yao ya ghorofa pale Mchafukoge hadi dukani Kariakoo. Baba alifungua makufuli. Trupti alitoa nje ndoo, sufuria na mabeseni ya plastiki, akayapanga kwa ukubwa. Baada ya hapo alikunywa chai ya maziwa, akachukua mkoba wake na kwenda shule. Alikuwa darasa la sita.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Bidhaa zilimiminika kutoka Dubai, na magari ya mitumba kutoka Japani yalishuka bandarini kila wiki. Mzee Rajnikant naye alinunua gari dogo jeupe la kupelekea vyombo kwa wateja. Dereva wake alikuwa Jay, kaka yake Trupti, aliyekuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia.

Lakini Jay hakuliona kama gari la kubebea sufuria. Vijana wa rika lake walikuwa wakishindana mbio jioni za Jumapili kwenye barabara ya ufukweni, na kijana mmoja wa Upanga alikuwa amemwacha mbali mbele ya watu. Tangu siku hiyo Jay hakutulia. Alimwomba binamu yake wa Dubai amtumie mfumo wa naitrasi. Hiyo ni gesi ambayo ikiingizwa kwenye injini huifanya petroli iungue kwa nguvu zaidi, na gari huchomoka kama limesukumwa.

Vifaa vilipofika, Jay alivificha chini ya kitanda. "Trupti, baba asijue," alisema. "Nikishinda, nitamwambia mwenyewe."

"Sawa, bhai," Trupti alijibu. Ndivyo alivyomwita kaka yake. Alimpenda sana, naye alifurahi kuaminiwa siri ya wakubwa.

Kazi ilianza Jumapili, wazazi walipokwenda hekaluni. Jay alilisogeza gari uani, nyuma ya nyumba, akamwita rafiki yake Allen. Allen alikuwa mtoto wa Mama Josepha, mwenye duka la jumla la mchele jirani na duka la mzee Rajnikant. Alikuwa kijana mpole mwenye mikono myepesi. Alitengeneza redio za mtaa mzima, na mwezi uliofuata alitarajiwa kuanza chuo cha ufundi.

Tangu mwanzo mambo hayakwenda. Maelezo yalikuwa ya injini kubwa ya silinda nane, na gari lao lilikuwa na silinda nne. Mpira wa kupitisha gesi kutoka kwenye buti hadi kwenye injini ulikuwa mfupi. Walipounga mwingine, maungio hayakulingana. Walitoboa tundu kwenye bomba la hewa, likawa kubwa kupita kiasi, wakaliziba kwa gundi ya chuma. Gundi ikapasuka. Walipounganisha nyaya za swichi, honi ililia yenyewe hadi majirani wakachungulia madirishani, kisha fyuzi ikaungua.

"Jay, tumpelekee fundi," Allen alisema, akijifuta jasho kwa kiwiko.

"Nilishakwenda gereji kule mtaa wa Gerezani. Fundi amekataa. Anasema kitu hiki hakijui, na asichokijua hakifungi."

"Basi labda naye ana sababu."

"Sababu yake ni woga!" Jay alirusha spana chini.

Jumapili baada ya Jumapili waliendelea hivyo. Mikono ya Jay ilijaa michubuko, na chakula cha mama yake, Jashoda, kilipoa mezani. Jay alianza kumfokea Trupti kwa mambo madogo. Petroli ilidondoka kutoka kwenye kiungo kipya. Walikaza, wakafunga tepu, wakakaza tena, lakini harufu haikuisha. Hata siku za kazi, Jay alipokwenda kupeleka mabeseni, gari lilinuka.

Halafu likaja tatizo lililowashinda kabisa. Mtungi wa gesi uliokuja na vile vifaa ulikuwa mtupu, kwa kuwa ndege haikubali kubeba mtungi wenye gesi. Jay alizunguka mji mzima akitafuta wa kuujaza. Kila alikokwenda alijibiwa kwamba gesi ile ni ya hospitali tu na haiuzwi kwa mtu wa mtaani. Siku aliporudi kutoka mahali pa mwisho, alikaa kwenye ngazi akiwa ameinamisha kichwa. Trupti alimwonea huruma.

Kesho yake Jay alimwambia, "Vaa viatu, unisindikize."

Walikwenda kwenye banda la kuchomelea mageti, kwa fundi aliyeitwa Ignasi. Jay alikuwa amebeba mtungi ndani ya gunia, na ameamua kutumia oksijeni badala ya naitrasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Niwasaidie nini?"

"Naomba unijazie oksijeni humu."

Ignasi aliugeuza mtungi, akautazama huku na huku. "Kijana, huu si mtungi wa oksijeni. Na gesi yangu ni ya kuchomelea vyuma. Ya nini?"

"Ya bibi yetu," Jay alisema bila kupepesa macho. "Ana ugonjwa wa kifua. Anahema kwa shida, na hospitali tumeambiwa tusubiri."

Ignasi aliushusha mtungi chini. Kisha akamgeukia Trupti. "Kweli, binti? Bibi ni mgonjwa?"

Bibi yao alikuwa amefariki Trupti akiwa bado hajaanza shule. Alitazama miguu yake. Alimhisi kaka yake akimsubiri. Akaitikia kwa kichwa.

Uso wa Ignasi ukalainika. Alitafuta kiungo kilichokubali, akaujaza mtungi ule taratibu, na Jay alipotaka kulipa, alikataa. "Mpeni pole bibi," alisema.

Njiani Trupti aliuliza, "Bhai, mwalimu wa sayansi alituonyesha oksijeni. Kijiti kilichobaki na kaa tu kiliwaka tena chote. Haitalipuka?"

"Ndiyo maana italiongezea gari nguvu," Jay alicheka. "Wewe nyamaza tu. Ukisema, utakuwa umeniharibia kila kitu."

Trupti alinyamaza. Usiku alipokuwa akila, mama aliuliza kwa nini hana hamu ya chakula. Alisema tumbo linamuuma.

Jumapili iliyofuata Trupti alisimama barazani, juu ya ua, akiwatazama. Allen alikuwa ameinama chini ya boneti. Nati ya mwisho ilikataa kuingia. Aliigeuza, ikakwama. Aliitoa, akaisafisha, akaijaribu tena, ikakwama tena. Mwishowe alichota grisi kwa kidole na kuipaka kwenye nyuzi zake ili iteleze. Iliingia.

"Kubwa lao!" Jay alipiga kelele kwa furaha. "Nafungua mtungi, sikiliza kama panavuja."

Trupti alifungua mdomo amwambie Allen asogee. Allen hakujua kilichomo ndani ya mtungi. Jay alikuwa amemwambia kuwa ni naitrasi. Lakini Jay alitupa jicho juu barazani, na Trupti akaufumba mdomo.

Kulisikika mvumo mkali, kisha mshindo. Mwali mweupe ulitoka chini ya boneti, na mara petroli iliyokuwa ikivuja nayo ikashika moto. Allen alirudi nyuma akipiga mikono hewani. Shati lake lilikuwa linawaka. Hakupiga kelele mwanzoni. Alipopiga, Trupti aliziba masikio.

Majirani walikimbia na ndoo za mchanga. Mtu mmoja alimfunika Allen kwa blanketi na kumlaza chini, wengine wakauzima moto wa gari. Jay alikuwa amefunga koki ya mtungi, lakini koki ilikuwa imepinda na haikukaza. Watu walipokuwa wakimhangaikia Allen, alichomoa mtungi kwenye buti, akaukimbiza na kuusukuma chini ya ngazi, nyuma ya magunia matupu.

"Betri imelipuka!" aliwaambia watu. Akamshika Trupti bega. "Umesikia? Ni betri. Mtungi usiutaje kwa mtu yeyote." Akapanda teksi na Allen kwenda hospitali.

Wazazi waliporudi walikuta ua umejaa mchanga na gari limekuwa jeusi mbele. "Nini kimetokea?" mama aliuliza walipopanda juu.

"Betri," Trupti alisema.

Baba alitikisa kichwa polepole na kwenda kupiga simu dukani kwa Mama Josepha. Mama aliketi sakafuni palepale. Trupti alishuka ngazi ili asizione nyuso zao.

Pale chini, Bi Zamda, jirani aliyekaanga bajia kila jioni, alikuwa amekwisha kuweka mkaa kwenye jiko lake. Mahali pake palikuwa chini ya ngazi, hatua chache kutoka kwenye magunia. Alishika kiberiti mkononi. Watoto wake wawili walikuwa wakimenya vitunguu pembeni.

Trupti alisikia sauti nyembamba, kama mtu anayepumua kupitia meno. Ilitoka nyuma ya magunia.

"Usiwashe!" alipiga kelele. "Bi Zamda, usiwashe! Kuna mtungi wa oksijeni, unavuja! Watoe watoto!"

Bi Zamda alimkodolea macho. Kisha alitupa kiberiti, akawakamata watoto wake na kukimbilia barabarani. Trupti alipanda ngazi akilia, akigonga kila mlango. Alipomfikia baba yake alisema yote bila kupumzika: naitrasi, banda la Ignasi, uongo, mtungi. Mzee Rajnikant hakumgombeza. Alisema tu, "Nipeleke kwa huyo fundi. Sasa hivi."

Ignasi alikuwa anafunga banda. Alipomwona Trupti alitabasamu. "Ah, binti! Bibi anaendeleaje?"

Trupti alitamani ardhi immeze. "Hakuna bibi mgonjwa," alisema. "Nilikudanganya. Tuliiweka oksijeni yako kwenye gari, na mtu ameungua."

Tabasamu lilimtoka Ignasi. Alinawa mikono yake kwa sabuni mpaka grisi yote ikatoka, kwa kuwa grisi ikigusana na oksijeni huweza kuwaka, akachukua spana safi na kufuatana nao. Alishindwa kuikaza koki iliyopinda. Basi yeye na mzee Rajnikant waliutoa mtungi kwa uangalifu, wakaupeleka kwa mkokoteni hadi kwenye uwanja wa wazi Jangwani, mbali na moto na watu, wakauacha uvuje hadi ukaisha.

Waliporudi, Ignasi alisimama mbele ya Trupti. "Siku moja atakuja kwangu mtu mwenye mgonjwa wa kweli," alisema. "Nami nitamfukuza, maana sitajua tena nani wa kumwamini. Nami pia nilikosea kujaza mtungi nisioujua." Akaondoka.

Hospitali walimkuta Jay ukumbini, na daktari akiwa na haraka. "Tumepoteza muda tukimwosha macho tindikali ya betri," daktari alisema. Mzee Rajnikant alimsukuma Trupti mbele kwa upole, naye akaeleza kila kitu mbele ya kaka yake. Jay hakukana. Alifunika uso kwa mikono na kulia kama mtoto mdogo.

Allen hakufa. Lakini jicho lake la kushoto halikuona tena, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa. Chuo cha ufundi kilianza bila yeye. Mzee Rajnikant aliliuza gari lililoungua kama chuma chakavu ili kusaidia matibabu. Jay alipeleka sufuria kwa wateja kwa mkokoteni, na kila jioni alikwenda kukaa wodini, hata siku ambazo Allen aligeuza uso ukutani.

Trupti hakuthubutu kwenda kwa muda mrefu. Siku moja mama yake alifunga chakula kwenye bakuli, akamshika mkono na kumpeleka. Mama Josepha alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, Mama Allen."

"Marahaba." Hakutabasamu.

"Nilijua ilikuwa oksijeni," Trupti alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa barazani. Ningesema, Allen angesogea. Naomba unisamehe."

Mama Josepha alimtazama usoni. "Sitakudanganya, mwanangu. Asubuhi huwa nimekusamehe. Nikianza kumfunga vifungo vya shati, hasira inarudi. Itachukua muda." Alinyoosha shuka la mwanawe. "Lakini Bi Zamda amekuja hapa na watoto wake wote wawili. Wazima. Ameniambia ni wewe uliyepiga kelele."

Trupti aliinua macho kumtazama.

"Sasa nisikilize vizuri. Mtu akikuomba utunze siri, jiulize kwanza kama kuna mtu anaweza kuumia kwa siri hiyo. Kama yupo, nenda kaseme kwa mkubwa, hata anayekuomba akiwa ni ndugu yako unayempenda. Atakununia, na kununa kutaisha. Kaka yako alihitaji mtu mmoja tu wa kumzuia, na hakumpata. Ukweli uliousema chini ya ngazi ndio uliotakiwa kuusema bandani kwa yule fundi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama Allen."

Allen aligeuza kichwa kwenye mto. Jicho lake zima lilimtafuta Trupti mpaka likampata. "Mna chakula gani humo?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Wali na dengu," Trupti alisema.

Mama Josepha alinyanyuka taratibu kutoka kwenye kiti. Alichukua kijiko, akampa Trupti mkononi, na kumwonyesha kiti kitupu.

"Mkono wake bado haujapona," alisema. "Mlishe."