Vibandiko Vilivyoanikwa Chali

Bosi alikuwa amelala kifudifudi chini ya ukuta wa majaribio, na jiwe la chuma la kupimia uzito limekaa kando ya kichwa chake. Damu ilikuwa imefika kwenye mguu wa meza. Inspekta alisimama mlangoni kwanza, kama kawaida yake, akaacha macho yatangulie.

Ilikuwa karakana ndogo ya vibandiko: vipande laini vya ukubwa wa kiganja, vinavyoshika kitu ukutani, vikabanduliwa, vikatumika tena, na ukuta usibaki na hata chembe ya gundi. Pale mlangoni palikuwa na kibao: HAPA HATUPIGI MSUMARI.

"Afande, sasa hata kofia yangu sijui niitundike wapi," koplo alisema.

"Itundike kichwani."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti. "Fuvu limepasuka kisogoni, na mwili bado una joto. Jiwe lingeweza kumwangukia. Mtu pia angeweza kumpiga nalo. Kwa sasa sikuapii lolote."

Aliyewapigia simu polisi ni mdogo wa marehemu, dada yake wa pekee, aliyefanya naye kazi humo humo. Alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono mapajani, macho makavu. Inspekta alimwonea huruma mara moja, na jambo hilo halikumpendeza. Huruma ikitangulia, kazi huharibika.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

"Ulimkuta hivi?"

"Hivi hivi. Huwa tunabandika jiwe ukutani tuone kibandiko kitavumilia mpaka lini. Leo kimeachia, naye yuko chini yake. Ni ajali."

"Kumbe vibandiko vyenu huwa vinaachia."

"Vyangu haviachii," alijibu upesi. Kisha akajirudi. "Labda hivyo vilikuwa vibovu."

Inspekta akalimeza neno hilo bila kulitafuna. Alivaa glavu, akakagua ukuta wa majaribio. Ulikuwa mtupu, unang'aa. Akaligeuza jiwe. Mgongo wake bapa ulikuwa mtupu vilevile. Sakafuni hakuna kitu.

"Koplo, kitu kilichobandikwa kikianguka, kibandiko kinabaki wapi?"

"Ama ukutani, ama kwenye kitu chenyewe, afande."

"Huku hakipo, na kule hakipo. Kitafute."

Koplo akazunguka meza, akachungulia mapipa, akafika kwenye sinki. Kando yake palikuwa na trei, na juu ya trei vibandiko viwili vyekundu vimelazwa chali, upande wa gundi juu, bado vina matone ya maji. Akagusa kimoja kwa kidole. Kikaganda kwenye glavu yake.

"Nimekamata kitu, afande."

"Naona chenyewe ndicho kimekukamata. Tia mfukoni, ni kielelezo."

Wakati huo mchanganya gundi wa karakana, waliyemwita Ulimbo, alikuwa amefika na kuzuiwa na utepe wa polisi. Inspekta alimvuta pembeni, kwenye ukumbi.

"Vibandiko vyekundu ni vya nini?"

"Vya jiwe, afande. Vyekundu ni vya jiwe tu."

"Mbona vimelowa?"

"Kibandiko kikitoka ukutani kina vumbi, hakishiki tena. Unakiosha kwa maji, unakianika, kinarudia nguvu. Ndiyo sifa yake."

"Marehemu alikuwa anaosha?"

Ulimbo alitaka kucheka, akamkumbuka maiti. "Bosi yeye ni wa kubandua tu. Kuosha tulikuwa tunaosha sisi. Hata ukiwa na haraka, mkono unaosha wenyewe."

"Sisi nani?"

"Mimi na dada."

"Wewe unavianikaje?"

"Navibana kwenye kamba, pale dirishani."

"Nani anavilaza chali kwenye trei?"

Ulimbo akatazama vidole vyake. Alikuwa akikuna kucha yenye gundi kavu.

"Afande, dada ndiye aliyenifundisha kazi hii."

"Sikukuuliza hilo."

"Dada huvilaza chali," alisema.

Inspekta hakufurahi hata kidogo. Alipokuwa anarudi, alipita kwenye chumba cha wageni. Viti vilikuwa vimepangwa kutazama ukuta mmoja mweupe usio na kitu. Juu ya meza, katikati ya vikombe vichafu, palikuwa na picha ya fremu imelala kifudifudi. Aliigeuza. Bibi mmoja mkongwe, mwembamba, anatabasamu. Akaenda nayo.

Dada mtu alipoiona, macho yake makavu yakalowa.

"Nani huyu?" Inspekta aliuliza.

"Mama."

"Jiwe halikuanguka, dada. Lingeanguka, vibandiko vingebaki nalo, au vingebaki ukutani. Vimeoshwa. Vimelazwa chali. Kaka yako alikuwa haoshi, na maiti haoshi."

Mwanamke aliitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Nimeviosha?" aliuliza taratibu. "Wala sikumbuki kuviosha."

"Utaniambia kwa nini?"

"Mama aliugua sana. Ngozi yake ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Kila wakibandua plasta ya dripu, wanabandua na ngozi. Alikuwa akimwona nesi, analia. Basi nikakaa chini nikambunia kitu cha kushika bila kuumiza. Nilimbunia yeye, si ukuta."

"Na kaka?"

"Kaka alisema ngozi ya kizee haina soko. Akakihamishia ukutani, gundi yote ikaenda huko. Nilimwomba sana anipishe nimalizie cha mama kwanza. Akasema, mwakani. Mama akafa na vidonda mikononi."

Koplo aliacha kuandika.

"Tulipomzika nikasema basi, yaishe. Nikaibandika picha yake pale wageni wanapokaa, kwa vibandiko vyake mwenyewe. Jana kaka alileta wanunuzi. Asubuhi hii namkuta ananisimulia, anacheka. Hakuwa na kitu cha kubandika awaonyeshe, akachukua picha ya mama. Anabandua, anabandika, anabandua. Wageni wanapiga makofi. Akaniambia, 'Umeuona ukuta? Kama hajawahi kuwepo.'"

Alifuta uso kwa kiganja.

"Alisema hivyo huku anainama kufunga kiatu. Jiwe lilikuwa ukutani. Nikalibandua. Nimemuua kaka yangu, afande. Na mama ndiye aliyekuwa akiniambia nimtunze."

Inspekta alimsomea haki zake kwa sauti ya chini, koplo akamfunga pingu. Walipopita kwenye chumba cha wageni, mwanamke akasimama.

"Naomba mumrudishe mama pale kwanza. Halafu twende."

"Vibandiko vyake viko wapi?"

"Kaka alivitupa. Alisema vimechakaa."

Inspekta alitazama ukuta mweupe. Kisha akamtuma koplo kwenye gari, naye koplo akarudi na nyundo na msumari. Ulimbo alifungua mdomo kuzuia, akaufunga. Pigo la kwanza lilimega plasta, unga mweupe ukamwagika sakafuni, na ufa ukateremka ukutani.

"Samahani," Inspekta alisema. "Nimeuharibu."

"Acha hivyo hivyo," mwanamke akamjibu, akiutazama ule ufa. "Hata wakimwondoa tena, wataona palikuwa na mtu."