Dawa ya Watoto Haikuwa ya Tajiri

Nyumba ya Nyokabi pale Mutuini ilikuwa kimya tangu mumewe afariki. Mtu pekee wa kuongea naye alikuwa paka wake, Tajiri. Naam, mtu! Nyokabi akikamua ng'ombe, Tajiri alikaa kando akimsikiliza. Akiketi, Tajiri alipanda pajani akakoroma, na huzuni ikapungua.

"Mtoto wangu," alimwita.

Asubuhi moja Tajiri hakutoka chini ya kiti. Shingo ilikuwa imevimba, mwili unachoma. Maziwa hakuyagusa.

Nyokabi alichukua dawa ya maji ya mjukuu wake, parasetamoli. Alikuwa akiimimina kijikoni wakati mpangaji wake Namalwa alipokuja kununua maziwa. Namalwa alifanya kazi kwa daktari wa wanyama.

"Mama Njuguna, nani mgonjwa?"

"Tajiri. Ana homa."

"Usimpe hiyo! Inaua paka!"

"Lakini ni ya watoto."

"Watoto wa binadamu, mama. Mwili wa paka hauwezi kuivunja hiyo dawa. Hata kidogo tu inaharibu damu yake."

Nyokabi alimwaga dawa. Mapenzi yake nusura yamuue Tajiri!

Alimpigia simu mwanawe, Njuguna.

"Mum, si ni paka tu? Utapata mwingine."

"Sitapata huyu," alisema, akakata simu.

Akamweka Tajiri ndani ya kiondo, akamfunika na leso, akasimamisha bodaboda. Mwaura, mwenye pikipiki, alicheka.

"Mathe, unapeleka paka hosi?"

"Washa pikipiki. Utacheka tukienda."

Kule Dagoretti, daktari wa wanyama alikuta jipu shingoni. Tajiri alikuwa ameumwa na paka mwenzake. Daktari alilipasua, akaliosha, akatoa dawa ya paka. "Akipona, mlete apate chanjo ya kichaa cha mbwa," alisema. "Na ukimwona amekataa kula tena, usimtibu mwenyewe. Njoo mapema."

Tajiri alipona, akachanjwa, akarudi pajani. Nyokabi alilia kwa furaha, bila aibu.

Habari ilifika kwenye chama cha akina mama. Walicheka hadi chai ikamwagika.

"Chekeni," Nyokabi alisema. "Lakini dawa ya watu msimpe paka. Mimi nilikuwa karibu kuua. Na sitaki kurudi kwa ule ukimya."

Veronicah, aliyemzika mumewe mwaka huo, aliacha kucheka. Wenzake walipoondoka, alimvuta Nyokabi kando.

"Paka kama huyo," aliuliza polepole, "mtu anampata wapi?"