Sekunde Nne Mbele

Kwanza kabisa kilikuja kicheko, na kilikuja kabla ya wakati wake.

Mzee Antena alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli, akitazama mchezo wa kuchekesha wa saa kumi jioni. Bwana mmoja mnene alikuwa amejificha kabatini asionwe na mkewe. Mara kule chumbani mke wa Mzee Antena akaangua kicheko hadi akakohoa. Mzee akatega sikio. Kwenye televisheni yake kabati lilikuwa bado zima. Sekunde nne baadaye ndipo lilipopasuka, yule mnene akabingirika nje kama pipa, na Mzee Antena, ambaye hucheka hata matangazo ya sabuni, akasahau kucheka.

Tuelewane. Mke alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mfupa wa paja, akafungwa plasta, akaambiwa alale wiki sita. Mtu mwenye akili timamu angebeba televisheni akaipeleka chumbani, yakaisha. Lakini Mzee Antena alikuwa fundi, na fundi ukimwonyesha njia fupi anaona umemtukana. Alikuwa ametandaza nyaya katika hoteli za nchi saba, amepiga kelele za shoti katika lugha tano, na hakuna kazi aliyowahi kuimaliza bila skrubu tatu kubaki mfukoni.

Basi akachomeka waya wa antena kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, akaiwekea programu ya kunasa matangazo na kuyarusha, kupitia kile kiboksi cha mtandao wa nyumbani, hadi kwenye laptopu iliyokaa juu ya meza ndogo kando ya kitanda cha mkewe. Kazi ya saa moja. Ilimchukua siku mbili. Siku ya pili, kichwa kikimgonga, ujumbe ulitokea kwenye kioo: kifaa kinaomba kujiunga, je, aruhusu? Akaruhusu; ilikuwa laptopu ya mke. Ujumbe ukaja tena. Safari hii hakusoma. Akabonyeza tu, akasema kwa sauti, kwa utani wake, "Karibuni, karibuni wote, kwani hapa pana kiingilio?"

Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni.

"Mama, umecheka nini?"

"Huyo mnene. Si kabati limempasukia!"

"Limepasuka lini?"

"Sasa hivi. Baba, ulikuwa umesinzia?"

Hakuwa amesinzia. Na kulikuwa na jambo moja alilolijua kwa hakika: picha hukatwakatwa huku, hufungashwa, husafirishwa, hufunguliwa kule. Ya chumbani lazima ichelewe sekunde nne, tano. Ichelewe! Haiwezi kufika kabla haijatoka.

Kesho yake alikaa na saa ya mkononi. Mke akasema, "Maskini, mtangazaji amepaliwa," na dakika nzima ikapita kabla mtangazaji wa sebuleni hajapaliwa. Keshokutwa yake aliingia chumbani kuuliza kama ampikie chai, na kabla hajafungua mdomo mke akajibu, "Sitaki, na hilo birika utaliangusha." Mzee akaenda jikoni akijichekesha, akalibeba birika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akaliangusha.

Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Alikuwa ameweka viwili tu, Sebule na Chumba. Chini yake palikuwa na mstari wa tatu, usio na jina. Akaufuta. Ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi ukiwa juu ya wenzake. Akachomoa kiboksi cha mtandao ukutani, taa zake zote zikafa, akabaki ameshika waya mkononi huku akisikia, kutoka chumbani, muziki wa taarifa ya habari.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka. Mwanzoni ilikuwa vumbi lililoungua juu ya balbu. Kisha ikawa udongo, udongo mbichi uliofukuliwa muda huohuo, na harufu ilizidi ukali kadiri ulivyokaribia kichwa cha mkewe. Mzee akikitazama kioo kile cha laptopu aliona vipindi vya kawaida, watu wanakula, watu wanagombana. Mkewe aliona kingine. Aliacha kugeuza shingo. Asubuhi alijibu maswali ambayo mumewe angeyauliza jioni. Alicheka peke yake, akalia kidogo, na uji ukamkaukia mdomoni. Kila siku alisogea mbele zaidi, na mumewe akabaki nyuma na bakuli lake, akijua kwamba hali ikiendelea hivi atakuja kumlisha mtu ambaye ameshaondoka.

"Mama, nitazame basi."

"Nilishakutazama," mke akasema taratibu, macho kwenye kioo.

Siku ya nane, saa nane mchana, jua limejaa mpaka chini ya viti, Mzee Antena alikuwa sebuleni akimpigia simu shangazi wa mkewe, mganga, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akimwita kwa siri Idara ya Moshi kwa ajili ya ubani wake, na simu ilikuwa bado inaita aliposikia kwenye spika za laptopu kule chumbani ndala zake mwenyewe, ile ya kushoto iliyolegea ikipiga "pa" nyuma ya mwenzake, zikitoka sebuleni na kupita koridoni, akaelewa kwamba hizo ni hatua zake za dakika moja ijayo, kama ile ya mtangazaji, hivyo ndivyo atakavyokwenda kumwangalia mgonjwa, basi akaamua, kwa ukaidi wa fundi aliyeshindwa na mengine yote, kwamba leo haendi, akazivua ndala, akazikalia, akakamata mkono wa kiti, akahesabu, na dakika ilipotimia ndala zikasikika koridoni, si kwenye spika, koridoni kwenyewe, pa ya kulia, pa ya kushoto, bila haraka, na mlango wa chumba ukalia vile unavyolia akiufungua yeye, na sauti yake, pamoja na mkwaruzo wa sigara alizoziacha zamani, ikasema, "Mama, nimekuja," na mkewe, kwa furaha ambayo Mzee hakuwa ameisikia tangu ajali ile ya bafuni, akajibu, "Karibu, baba."

"Haloo?" ikasema simu. "Mkwe? Mbona unahema hivyo?"

"Shangazi," akanong'ona, "niko chumbani na mke wangu."

"Sasa?"

"Na niko hapa sebuleni."

"Usiende huko. Usimwite. Nakuja."

Shangazi alifika kabla jua halijapoa, mwanamke mfupi, chetezo ndani ya mfuko wa plastiki, ubani kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuketi.

"Ulimkaribisha nani?"

"Sijamkaribisha mtu, Shangazi."

"Mkwe."

Mzee akakumbuka. Akamweleza ule ujumbe wa pili, na maneno aliyoyasema.

"Mdomo wako huo! Nilimwambia binti yangu, huyu bwana atakuchekesha mpaka ulie."

"Nichomoe waya gani?"

"Angekuwa wa kutoka kwa waya, si ungeshamtoa, fundi wewe? Uliyemwita ni wewe, utakayemuaga ni wewe. Kwa adabu. Na hicho kioo atakifunga binti mwenyewe, kwa mkono wake, maana huyo mgeni anakaa ndani ya macho ya binti."

Chumbani hapakuwa na mtu zaidi ya mgonjwa. Lakini ukingoni mwa kitanda, godoro lilikuwa limebonyea, kama panapobonyea mtu mzito akikaa. Shangazi akatia ubani kwenye makaa. Moshi haukupanda. Ulilala, ukatambaa, ukavutwa kuelekea kwenye kioo.

"Sema," Shangazi akanong'ona.

Mzee Antena akakisogelea kitanda, akalielekea lile bonde la godoro.

"Mgeni," akasema, "asante kwa kukaa na mke wangu. Kukaa naye ilikuwa kazi yangu. Mimi nilimpa picha, nikaenda kukaa na nyaya. Sasa nitakaa mwenyewe. Nyumba ni ndogo, haitutoshi. Nakuomba uende salama."

Godoro likabonyea zaidi.

"Mama, funga."

"Bado kidogo," mke akasema. "Haijafika mwisho."

Na hapo kioo kikaanza kukimbia. Mwanga ukampiga mke usoni, giza, mwanga, giza, kama siku zinazopita mbio nje ya dirisha, na udongo ukanuka hadi Mzee akauhisi kwenye meno, na ndala zikaanza kupiga, za kwake, koridoni na jikoni na sebuleni kwa pamoja, nyingi, kisha chache, kisha polepole kama za mtu aliyechoka, kisha zikakoma katikati ya hatua, na mwanga ukasimama.

Mke alikitazama kioo kwa muda mrefu, mkono mdomoni. Machozi yakamtoka. Akageuza shingo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima akamwona mumewe palepale aliposimama.

"Umekonda," akasema.

Akaifunga laptopu. Godoro likainuka. Kitu kikapita baina yao kama joto la tanuri linalofunguliwa, mlango wa mbele ukafunguka, ukajifunga. Moshi wa ubani ukapanda wima hadi darini.

"Umeona nini mwishoni pale?" Shangazi akauliza.

"Sijaona kitu."

Alijibu upesi mno. Shangazi akamtazama, kisha akaanza kuzima makaa. Alipokuwa akiaga alimshika Mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini.

Yaliyofuata yalikuwa mazuri. Plasta ikatolewa, mke akaanza kutembea kwa fimbo, harufu ikaisha. Na alikuwa amebadilika, amekuwa mpole ajabu. Mzee akisimulia kisa cha hoteli ile ya jangwani, kile ambacho zamani mke angekikatiza kwa kusema "tunakijua," sasa alikisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kingine. Alimnyooshea mashati yote. Wakati mwingine Mzee aliamka alfajiri akamkuta ameegemea kiwiko, anamtazama.

"Nini, mama?"

"Hakuna. Lala."

Mzee akajisifu kwa jirani kuwa ugonjwa umemletea mke mpya bila mahari nyingine.

Jumanne moja asubuhi alikuwa akirudi kutoka uani na ndoo ya maji, wimbo wake umeishia mlangoni, akamsikia mkewe jikoni akizungumza kwa simu na binti yao mkubwa, sauti chini.

"Njoo na wadogo zako wote. Ijumaa isiwapite... Hapana, mzima kabisa, amekula vizuri, hivi sasa yuko nje anaimba. Ndiyo maana nasema mje sasa." Akasikiliza. Kisha, taratibu zaidi, "Hapana, mwanangu. Hajui. Wala usimwambie."

Mzee Antena akasimama na ndoo mkononi, akatafuta mzaha wa kuingia nao. Hakuupata.