Nambari Moja, Walalaji Wawili

Mwanabibi, jirani yetu wa Majengo, alifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha chama kimoja cha kahawa mjini Nyeri, miaka ya themanini, enzi za mashine kubwa kama kabati. Mwenzake alikuwa Watiri. Tangu Moffat, mwenzao wa tatu, azikwe kule Gatitu, Watiri alikuwa akibeba kazi ya watu wawili, na uchovu ulikuwa umemwingia hadi mifupani.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mashine iliendelea na kazi zake. Programu isiyo na zamu hulala, baada ya kuiomba mashine iiamshe saa fulani. Kila ombi huandikwa jina la mfanyakazi mwenye programu, na hupewa nambari yake, wala nambari moja haipewi maombi mawili, maana anayetaka kufuta ombi hutaja nambari tu, na programu ambayo ombi lake limefutwa haiamshwi tena.

Mchana, Watiri akampungia Mwanabibi mkono aje aone. Kwenye skrini palikuwa na maombi mawili yenye nambari moja. La kwanza lilikuwa na jina la Watiri.

La pili, jina la Moffat.

Mwanabibi alimsihi wampigie simu fundi wa mashine kule Nairobi. Watiri akajibu kwamba alishampigia, na fundi alisema jambo hilo haliwezekani.

"Sasa ukifuta," Mwanabibi alinong'ona, "mashine itajuaje ni lipi?"

"Sijui. Mimi nimechoka, Mwanabibi. Wacha nifute tu."

Akabonyeza. Ombi moja likatoweka.

Lililobaki lilikuwa la Moffat.

Watiri akalitazama kwa muda, kisha akasema atalaza kichwa mezani kidogo tu. Mwanabibi akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, skrini ilikuwa tupu. Saa ya ombi lile ilikuwa imefika. Akaweka kikombe mezani, akamgusa Watiri begani. Akamtikisa. Akamwita. Watiri alikuwa akipumua polepole, kama mtoto aliyeshiba.

Hakuamka. Hakuamka siku hiyo, wala hospitalini, wala mama yake alipomwita kwa jina la utotoni. Walimzika akiwa hajafumbua macho tena.

Lakini hilo silo linalomfanya Mwanabibi ashushe sauti. Ni kile alichokuta mchana ule, alipokimbia kumwita Nderitu, mkubwa wao, wakarudi pamoja. Watiri alikuwa vilevile, uso juu ya mikono. Kikombe kilikuwa kimehamia meza iliyokuwa ya Moffat. Chai yote ilikuwa imenywewa.

Ukingoni mwa kikombe palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, wenye umbo la midomo.