Mfereji Chini ya Mawe

Kila asubuhi, kabla jua halijaupasua ukungu wa Sumbawanga, Kulsumu alijifunga kanga mbili kwa sababu ya baridi, akachukua ufagio na kwenda bandani kwa baba yake. Baba yake, Mzee Halfani, alikuwa mnunuzi wa ngozi. Ng'ombe na mbuzi waliochinjwa kuanzia mjini hadi Mpui, ngozi zao nyingi ziliishia kwake. Aliziosha, akaziwamba kwenye fremu za miti, zikakauka kwa upepo wa uwanda wa juu, kisha lori likazichukua. Kulsumu alifagia, akageuza ngozi zilizohitaji kugeuzwa, akanawa mikono kwa majivu, halafu akakimbilia shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwaka wenyewe ulikuwa wa saba kabla ya Uhuru.

Shuleni aliketi dawati moja na Zita, binti wa wakulima wa Malangali. Walipendana kama chanda na pete. Zita alimletea mahindi ya kuchoma, naye Kulsumu alimletea tende.

Siku moja, wakati wa mapumziko, Zita alisema, "Kijito chetu kimeharibika. Kuna siku maji yanatoka mekundu, yana povu, na yananuka kama mzoga. Mama ameenda kulalamika kwenye baraza la mji. Wameandika maneno yake katika daftari, na Bwana Afya atakuja."

Tende iliyokuwa mdomoni mwa Kulsumu ikawa haina ladha. Alikijua kijito hicho. Kilipita nyuma ya banda la baba yake kabla ya kuteremka Malangali.

Bwana Afya wa baraza aliitwa Kalisti. Alikuwa Mfipa mrefu, mpole wa maneno, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na baiskeli iliyolia keche keche. Watu walidhani angekuja siku moja, afoke, aondoke. Haikuwa hivyo. Alianzia chini kabisa, pale wanawake wa Malangali walipochota maji, akamwuliza Mama Zita maswali mengi.

"Maji yanaharibika siku gani, mama?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Alasiri, watoto wakisharudi kutoka shule."

Yote akayaandika. Kisha akavua viatu, akaingia kijitoni, akaufuata mkondo kuelekea juu hatua kwa hatua, akigeuza mawe na kunusa matope. Alipowakuta vijana wakiogesha ng'ombe juu kidogo ya mahali pa kuchota maji, aliwasimamisha. "Na ninyi pia mnachafua," aliwaambia. "Wapelekeni ng'ombe chini ya mahali pa kuchota maji, si juu yake." Wengine walinung'unika kwamba Bwana Afya amegeuka kuwashtaki walalamikaji, lakini waliwahamisha ng'ombe wao.

Jumanne alasiri akafika bandani. Mzee Halfani alikuwa amemwona tangu mbali, na siku hiyo hakufungua maji.

"Karibu, Bwana Afya," alisema. "Karibu chai, na kuna paja la mbuzi nimekuwekea."

"Ahsante, Mzee Halfani. Chai nitakunywa siku nitakapokuja kama mgeni. Leo nimekuja na kazi. Maji ya kuoshea ngozi unayapeleka wapi?"

"Hayaendi popote. Yanakauka humo humo shimoni."

Kalisti alilizunguka shimo, akatazama matete yaliyosonga ukingo wa kijito, asione tundu wala mfereji. Kisha akamgeukia Kulsumu, aliyekuwa amesimama na ufagio. "Binti, nawe ndivyo ujuavyo?"

Kulsumu alimtazama baba yake. Mfereji wa kupeleka maji kijitoni aliujua. Ulifunikwa kwa mawe na udongo, na juu yake baba alikuwa amepanga matita ya ngozi kavu. "Ndiyo," alijibu kwa sauti ndogo. "Yanakauka."

Bwana Afya hakumkaripia. Aliandika neno moja, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Juma lililofuata Zita hakuonekana shuleni kwa siku tatu. Siku ya tatu, Kulsumu aliteremka Malangali kumwangalia. Alimkuta njiani na mtungi kichwani, shingo imekakamaa, miguu imejaa vumbi.

"Natoka chemchemi ya kilimani," Zita alisema. "Ninakwenda mara nne kwa siku. Mdogo wangu Ignasi anaharisha tangu Ijumaa. Mama hawezi kumwacha."

Ndani ya nyumba, Ignasi alikuwa amelala kwenye ngozi ya mbuzi, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mama Zita alikuwa akimnywesha uji mwepesi kijiko kwa kijiko. Hata hivyo alimkaribisha mgeni kwa furaha, akammiminia togwa.

"Kunywa, mwanangu, usiogope. Nimeipika kwa maji ya kilimani. Huyu amepata dawa zahanati, anaendelea vizuri kidogo. Na Bwana Afya atalipata tu chimbuko la uchafu ule. Yule mtu hachoki."

Kulsumu alishika kikombe kwa mikono miwili, kisha akakiweka chini kikiwa kimejaa. Aliaga, akatoka akikaza mwendo.

Alimkuta baba yake akikunja ngozi. "Baba, nilimdanganya Bwana Afya. Mdogo wake Zita anaumwa. Akirudi, nitamwambia ukweli."

Mzee Halfani aliacha kazi. "Unajua unalosema? Wakilifunga banda hili, tutakula nini?"

"Sijui, Baba," Kulsumu alijibu, machozi yakimlengalenga. "Lakini mtoto yule anaumwa."

Baba aliirudia kazi yake. Alikunja ngozi ile ile mara tatu, kila mara vibaya.

Ijumaa Bwana Afya alirudi, na safari hii alibeba gunia la makapi ya ulezi. Mama Zita na wanawake wenzake walikuwa wamesimama kule chini, ukingoni mwa kijito, kama alivyowaomba. Kabla hajasema lolote, Kulsumu alijitokeza.

"Shikamoo, Bwana Afya. Siku ile nilisema uongo. Mfereji upo. Uko chini ya matita yale."

Aligeuka kumtazama baba yake, akitarajia hasira. Mzee Halfani alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye kidogo alikwenda mwenyewe, akayaondoa matita moja moja, akaufukua udongo mpaka mawe yakaonekana.

"Marahaba, binti," Kalisti alisema. "Umefanya jambo ambalo huwashinda watu wazima wengi. Nakuamini. Lakini baraza haliamui kwa neno la mtu mmoja, hata liwe la kweli. Lazima tuone kwa macho."

Alimwaga makapi shimoni, akafungua kizibo cha mfereji. Maji yakazama chini ya mawe yakigugumia. Wote wakatega masikio. Mara sauti za wanawake zikapaa kutoka bondeni: "Hayo! Makapi hayo!" Chini ya matete, maji mekundu yalikuwa yakibubujika, na makapi ya ulezi yakielea juu yake.

Watu walipanda kilima kwa hasira. Kijana mmoja alipiga kelele, "Tulichome moto banda lake!"

Kalisti akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti. "Atakayechoma banda nitamshtaki kama nilivyomchunguza huyu. Ng'ombe wenu wakichinjwa, ngozi mnamwuzia nani? Kazi yake si kosa. Kosa ni maji yake machafu, na hayo tutayakomesha kwa sheria."

Palepale aliandika ilani, akaisoma kwa Kiswahili, kisha akaieleza kwa Kifipa ili kila mtu asikie. Mzee Halfani hataosha ngozi mpaka aufukie mfereji. Atachimba shimo jipya upande wa pili wa banda, mbali na kijito, alijaze mawe na changarawe ili maji yanywewe na ardhi. Amepewa siku ishirini na moja. Asipotimiza, ataitwa mbele ya baraza.

"Shimo la namna hiyo silijui," Mzee Halfani alisema kwa unyonge.

"Ndiyo maana nitakuja kesho kukuonyesha."

Na kweli alikuja, akapima ardhi kwa kamba, akapigilia vijiti vinne, akashika jembe na kuchimba mwenyewe shubiri chache za mwanzo. Kulsumu alibeba changarawe kwa karai mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya kumi na saba kazi ikaisha. Bwana Afya alikuja kukagua mara tatu bila kutoa taarifa. Mara moja alikuja mvua ikinyesha, mara moja alikuja alasiri ya Jumanne, wakati ngozi zikioshwa. Kila mara aliteremka hadi bondeni, maana hakutaka kuamini shimo pasipo kuyaona maji. Hata siku ya kufunga malalamiko, hakuandika "yamekwisha" katika daftari mpaka alipomwuliza Mama Zita, "Mama, umeridhika?"

"Nimeridhika, baba. Maji ni maangavu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mzee Halfani alivaa kanzu yake nyeupe, akamwambia Kulsumu amsindikize Malangali. Ignasi alikuwa uani akimfukuza jogoo. Mzee Halfani alikataa kiti alichopewa. Alisimama mbele ya Mama Zita, mikono ameikunja tumboni.

"Mama Zita, nimekuja kukuomba radhi. Mtoto wako aliugua, nami nilikuwa nimeketi na ukweli ndani ya nyumba yangu."

Mama Zita alikisogeza kile kiti karibu naye. Kisha akasema, "Keti, Mzee Halfani. Aliyekuja kwa miguu yake kukiri haachwi amesimama."

Ndipo akakaa. Akamvuta Kulsumu karibu naye, akasema huku Zita na wote wakisikia: "Mwanangu, nilidhani mtoto mwema ni yule anayeficha aibu ya baba yake. Bwana Afya alitafuta ukweli kwa subira, hakumwonea mtu wala hakumwogopa mtu. Nawe uliusema huku ukiogopa. Uchafu ukifichwa humfikia jirani, na maradhi yake hayaulizi nani alikuwa na kosa. Siku nyingine ukiniona nakosea, usisubiri Bwana Afya. Niambie mimi."

"Nitakwambia, Baba," Kulsumu alijibu, na Zita akamshika mkono.