Miguu Ndani ya Jeep ya Pitchou

Foto iliingia kwenye telefone ya Placide wakati anampimia mchimbaji mmoja mchele, na mchele wote ukaenda chini. Ilikuwa foto ya jeep ndefu, nyeupe ya zamani, ile aina ya taa za duara. Mlango wa nyuma uko wazi. Ndani, zinaonekana nyayo mbili za mwanamke aliyelala chali. Viatu vyake vimepangwa chini vizuri, kama vya mtu aliyefika kwake. Placide alivijua vile viatu. Alivinunua yeye mwenyewe.

Chini ya foto, mdogo wake Cadette, anayekaa Kasongo, alikuwa ameandika: "Yaya, mimi sisemi kitu. Hii ni jeep ya Pitchou, jana saa nane. Mwenye miguu unamujua."

Namna gani asimjue? Ni Clémentine, mchumba wake, mkunga wa Kabambare, ambaye walikuwa waoane baada ya mavuno ya mpunga. Alikuwa ameenda Kasongo kwa baba yake, papa Zacharie, na Placide ndiye aliyemtuma. Kazi ilikuwa moja tu: wamchagulie jeep ya kununua. Papa Zacharie alishika volan miaka thelathini kwenye barabara za Maniema, na watu wanasema alikuwa anaweza kusimama Kasongo akasikia boliti iliyolegea Kindu. Jeep zilikuwa mbili. Moja ni fupi, nyekundu, milango miwili, ya Jean-Paul. Nyingine ni hii nyeupe ya Pitchou, ndefu kama siku ya njaa.

Placide moyo wake ulikuwa kwa nyekundu. Alitaka apite nayo Salamabila, kwenye duka lake, wachimbaji watoke kwenye mashimo kuangalia.

Na Pitchou, tusisahau, ndiye aliyemwandikia Clémentine barua tatu wakiwa shule. Kweli, leo ana mke, Falone. Lakini barua ni barua.

Salamabila, foto na mesaje huingia zenyewe zikipenda, lakini rezo ya kuongea inapatikana juu ya kilima. Placide alipanda kile kilima mbio mpaka mbuzi wakampisha. Akapiga.

"Clémentine, jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Kwa Pitchou. Nilienda kuona ile jeep."

"Uliionaje?"

"Iko muzuri."

"Uliiona umelala? Cadette amenitumia foto ya nyayo zako."

Placide akasikia kuku wa Kasongo wanalia ndani ya sikio lake.

"Nililala, ndiyo," akasema Clémentine. "Hata kwa Jean-Paul nilijaribu, lakini pale sikuenea."

"Na kwa Jean-Paul tena?"

Rezo ikakatika. Rezo ya Salamabila ndivyo ilivyo. Ukiuliza bei ya sabuni, itakaa nawe hadi betri iishe. Ukiuliza mambo ya moyo, inaondoka bila kuaga.

Placide akazunguka kilima chote na mkono juu. Baada ya saa nzima mesaje ikaingia: "Uliamini nyayo kabla ya kuniuliza. Sitaeleza kwa telefone. Kuja uniulize mbele ya papa."

Akafunga duka, akapanda pikipiki.

Ilikuwa siku mbili za tope. Njiani alitunga hotuba kali sana, yenye Pitchou, Jean-Paul, viatu, mahari na majina ya mashahidi. Lakini barabara ile haisikilizi hotuba. Kila shimo lilimtoa sentensi moja. Mto wa kwanza ukachukua Jean-Paul na mahari. Daraja la miti likachukua mashahidi. Alipoingia Kasongo, mwekundu wa udongo kutoka kichwa mpaka kisigino, alibaki na neno moja tu: kwa nini.

Uani kwa papa Zacharie, ile jeep nyeupe ilikuwa imesimama palepale. Pitchou aliiacha ijaribiwe. Miguu ya papa Zacharie ilitokeza chini yake, nyundo ndogo mkononi, anaigonga shasi, mifupa ya gari, na kuisikiliza kama daktari. Clémentine alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Alimwangalia Placide mara moja, akarudi kwa majani yake.

Placide akafungua mdomo. Papa Zacharie akasema kutoka chini ya gari:

"Kaa kwanza, mukwe. Gari ikifika ya moto, hatufungui radiatere."

Placide akaletewa maji, akaoga, akapewa kiti; papa naye akatoka chini ya gari. Pitchou na Falone wakaitwa, wakafika. Falone alitangulia na tumbo lake la miezi saba. Pitchou akaeleza bila kuulizwa mara mbili. Alisema siku ile Clémentine alipoomba kulala ndani ya jeep, yeye si mtoto mdogo, anaijua Kasongo na midomo yake. Alikimbia mwenyewe kumwita mke wake, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara. Falone akasema ni kweli, ni yeye aliyetandika mkeka, ni yeye aliyefunga ule mlango ili waone kama miguu inagusa. Foto ilipigwa alipoufungua tena.

"Cadette angesogea hatua mbili," Falone akasema, "angenipata na mimi. Na hili tumbo, telefone yake ingejaa."

Pitchou akacheka. Placide hakucheka. Alikuwa amepata aibu, lakini swali lake lilikuwa bado zima, maana hakuna hata mmoja aliyelijibu.

"Sawa," akasema. "Nimekosea juu ya Pitchou. Lakini, Clémentine, nieleze na mimi nisikie. Gari wanaangalia motere. Wanaangalia magurudumu. Wewe ulienda kuiangalia na mugongo?"

"Motere papa aliangalia. Zote mbili ni nzima, shasi zote mbili zilijibu vizuri. Mimi niliangalia urefu."

"Urefu wa nini?"

"Wa mwanamuke."

Papa Zacharie akaweka nyundo chini. Clémentine akasukuma sinia ya sombe pembeni.

"Placide, yaya Apolline alikufa namna gani?"

Placide akashangaa. Apolline alikuwa dada mkubwa wa Clémentine, aliyeolewa Lusangi. Habari yake kila mtu aliijua. "Kwa uzazi," akajibu pole pole. "Njiani, wakimuleta hospitali."

"Alikufa amekaa."

Clémentine akafuta mikono.

"Nilikuwa nyuma yake juu ya pikipiki," Clémentine akaendelea. "Shofere mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Nilimufunga na kitenge kwa mwili wangu asianguke. Njia yote alikuwa ananiomba kitu kimoja. Nilale kidogo, mudogo wangu. Nilale kidogo tu. Mimi ni mukunga, nilijua ana haki. Lakini utamulaza wapi mutu juu ya pikipiki? Nikamwambia vumilia, yaya Apolline, tunafika. Halafu akanyamaza, kichwa chake kikaniegemea hapa." Akagusa bega la kushoto. "Nilifurahi, Placide. Nilifikiri amepata usingizi. Nikamubeba hivyo, nikiwa na furaha, mpaka shofere aliposimama kununua petroli."

Falone alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Papa Zacharie aliangalia gurudumu la jeep kana kwamba limeandikwa kitu.

"Hukuniambia kama ulikuwa naye," akasema Placide.

"Sikumwambia mutu. Hata papa alijua mwaka huu tu." Akamgeukia Placide. "Ile fupi nyekundu iko muzuri, sikatai. Utapita nayo, watu watasimama. Lakini ndani yake mwanamuke atakaa. Nilijaribu, nikakunja magoti mpaka kidevuni, nikakumbuka. Na sisi tutajenga Kabambare, kwangu ndiko watakuja kugonga. Mimi siwezi kuolewa kwa nyumba yenye jeep mulangoni, na bado nimufunge mwanamuke na kitenge juu ya pikipiki. Kama unataka nyekundu, uinunue. Na mahari yenu mutakuja kuchukua."

Maneno yakawa yamesemwa. Placide aliiona ndoa yake imesimama pale uani, mlango wazi, inangoja aseme anapanda au anabaki.

Akasema atalipa faini. Wazee wote wanajua kwamba kijana akimtilia mchumba wake maneno ya uongo, analeta mbuzi wa kuosha jina, na yeye yuko tayari hata kwa mbuzi wawili.

Papa Zacharie akakataa.

"Mbuzi tunamula leo, kesho umesahau. Mimi nakutoza kitu ingine. Kesho asubuhi tunajaribu hii jeep mpaka Kabambare. Mimi nashika volan. Wewe utalala pale nyuma, juu ya mukeka, hapa mpaka kule. Ukikaa kitako hata mara moja, tunarudi Kasongo tunaanza upya."

Pitchou akaomba ruhusa ya kuwepo. Akanyimwa.

Wakaondoka jua linatoka. Papa Zacharie mbele, miwani mbili usoni, moja ya kuona mbali na moja ya heshima. Placide chali juu ya mkeka. Clémentine kwenye benchi la pembeni, mikono amekunja, anaangalia dirishani. Toka jana hakumpa Placide neno zaidi ya salamu.

Sasa, barabara ya Kabambare haielezwi, inasamehewa. Kuna shimo moja pale ambalo lori liliingia mwaka wa mvua nyingi, na hadi leo ukisimama pembeni, mchana kukiwa kimya, utasikia shofere anapiga honi. Kuna jingine ambamo bata wamezaa vizazi vinne. Juu ya pikipiki Placide alizoea kuyaona mashimo yanakuja, akajiandaa. Akiwa amelala hakuona kitu. Aliona paa la jeep, kutu kidogo kwenye kona, na vichwa vya miti vinapita dirishani. Kila shimo lilimfikia bila habari, mgongoni kwanza, kisha kwenye meno.

Saa ya kwanza alihesabu misumari ya paa. Saa ya pili aliacha kuhesabu. Saa ya tatu akaanza kufikiria kwamba yeye hana uchungu wowote, tumbo lake lina chai na mkate tu, na bado anataka kulia.

"Papa," akaita. "Jean-Paul atafute mutu mwingine wa ile nyekundu."

"Mugonjwa haongei na shofere," akajibu papa Zacharie.

Clémentine akageuza uso kabisa dirishani. Mabega yake yalitikisika, na haikuwa barabara.

Mchana wakafika kwenye mteremko mmoja wa udongo mwekundu, uliolowa, unaoishia mtoni. Papa Zacharie akasimamisha, akaingiza gia ndogo, akamwambia Mungu maneno mawili ambayo si ya kuandika. Jeep ikaanza kushuka. Ikashuka vizuri. Kisha sehemu ya nyuma ikaamua kwenda kivyake, ikateleza upande, na Placide akajisikia anasafiri kwenda mlangoni akitanguliza miguu. Akatafuta kitu cha kushika. Kushoto ni bati tupu. Kulia ni bati tupu. Akatupa mkono hewani bila kuangalia.

Ukashikwa.

Jeep ikajinyoosha, ikagusa maji, ikavuka, ikapanda ng'ambo ikinguruma kama mzee anayetoka kitandani. Papa Zacharie akaanza kupiga mluzi. Vijiji vikapita, mashamba ya mihogo yakapita, watoto wakakimbia nyuma wakipiga kelele, na mapema jioni wakaingia Kabambare, wakasimama mbele ya materniti ambapo Clémentine anafanya kazi. Papa Zacharie akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

Placide hakushuka. Alibaki chali, nywele zimejaa vumbi, anaangalia paa.

"Iko nzuri," akasema mwishowe. "Urefu unatosha. Tutaweka godoro, huu mukeka ni adui. Lakini kuna kitu inakosa."

"Kitu gani?" Clémentine akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha siku nzima.

"Mahali pa kushika. Mwanamuke ako na uchungu, gari inateleza, na huku ni bati, na huku ni bati. Atashika nini?"

"Wewe ulishika nini?"

Placide akafikiri. Akashusha macho kutoka paani, polepole, mpaka kwenye mkono wake mwenyewe. Ulikuwa bado ndani ya mkono wa Clémentine, toka mtoni, na vidole vya Clémentine vilikuwa vimepauka kwa kubanwa.

"Naomba musamaha," akasema.

"Naona," akajibu Clémentine. Hakuuachia.

Papa Zacharie akangoja. Akakohoa. Akagonga bati mara mbili kwa nyundo yake.

"Nyie wawili, gari imefika zamani," akasema. "Mushuke, na mimi ninyooshe mugongo kidogo."