Tuta la Migomba la Baba Wilson

Mume wangu Anyitike anajua kila kitu. Ukibisha, muulize mwenyewe.

Shamba letu la magimbi liko bondeni, kando ya mto, huku Masoko. Mwaka juzi mto ulifurika ukang'oa magimbi yote. Tulikula ndizi asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakawa wanakunja uso wakiona mgomba. Mwaka jana nikamwambia, "Baba Wilson, masika hayo yanakuja. Magimbi yakienda tena, tutakula nini?"

"Usihofu, mke wangu. Najenga tuta."

Akakata migomba, akaipanga kando ya mto, akaifunika udongo kidogo. Siku mbili tu, kazi imekwisha! Mvua ilipoanza, akapanda juu yake, mikono kiunoni. "Hapa maji hayapiti ng'o!"

Kweli, hayakupita. Yalibeba tuta zima, pamoja na mwenye tuta.

Mama yangu! Nilikimbia ukingoni nikipiga yowe. Migomba ikaenda naye mpaka shambani kwa jirani yetu Debora, ikakwama kwenye tuta lake. Anyitike akatambaa juu, matope mpaka masikioni.

"Karibu, shemeji," Debora akasema. "Leo umepita njia ya mtoni?"

Debora alizaliwa Kyela, kwenye mabonde ya ziwani. Huko mafuriko wanayajua.

"Mgomba unaelea," alisema. "Hata usipoelea, unaoza, unaacha matundu, maji yanapenya. Tuta ni udongo wa mfinyanzi. Lijenge mbali kidogo na mto. Ng'oa kwanza majani yaliyopo. Chini pawe papana, juu pembamba. Mwaga udongo kidogo kidogo, ushindilie kila tabaka. Mwisho otesha majani juu yake, yashike udongo."

"Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo," Anyitike akajibu, akitema matope.

Tuliokoa magimbi kidogo, tukayapanda upya. Kiangazi tukajenga tuta kama alivyosema Debora. Kushindilia kulituchosha, basi nikawaita wanakwaya wa kanisani waje kufanyia mazoezi juu ya tuta. Kila pambio, mguu chini! Ndaga fijo, asanteni sana, wanakwaya.

Masika yaliyofuata mto ukafurika. Nilisimama pale nikitazama. Maji yakapanda mpaka katikati ya tuta, yakakaa, yakarudi. Hakuna gimbi hata moja lililoondoka.

Sasa Anyitike anawaambia watu mpaka Kiwira kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi sibishi. Mdomo wangu umejaa magimbi.